Bendi ya Chuo Ihesabiwe Somo Kamili

Hoja iliyo mezani ni hii: mwanafunzi wa muziki anapoingia chumba cha mazoezi na wenzake kupiga jazz na muziki wa dansi, je, yuko darasani au yuko kwenye burudani ya baada ya darasa? Swali linaonekana dogo, lakini jibu lake ndilo linaloamua nani apewe chumba, nani apewe saa kwenye ratiba, vyombo vinunuliwe kwa fungu gani, na kama kazi ya bendi itaingia kwenye shahada au itaishia kwenye makofi ya siku ya mahafali. Msimamo wangu nautaja mapema. Bendi ya chuo ni somo kamili, tena ndilo somo ambamo masomo mengine yote ya muziki hupimwa. Chuo kinachoiweka pembeni kinamnyima mwanafunzi kitu asichoweza kukipata kwenye mhadhara wala kwenye mazoezi ya peke yake: kuwajibika kwa mwenzake hapo hapo, pigo kwa pigo, mbele ya masikio ya watu. Wapo wanaopinga, na hoja zao zina uzito. Nimeziweka hapa katika sauti nne, kila moja ikisema kwa nguvu zake, na kila moja nitaijibu.

MZEE WA BENDI: Muziki huu haukuzaliwa chuoni. Ulizaliwa ukumbini, mbele ya watu waliolipa kiingilio na wanaotaka kucheza. Mpiga tarumbeta Louis Armstrong hakuwa na shahada. Mpiga saksafoni Charlie Parker hakufanya mtihani wa mtu. Sisi wenyewe tulijifunza kwa kutazama vidole vya wakubwa, tukabeba spika, tukakunja nyaya, tukasubiri mpaka siku mpiga solo anaumwa ndipo tukaambiwa, haya, panda. Ukiutia muziki huu darasani, ukaupangia silabasi na kuutungia mtihani, utaua roho yake. Watatoka vijana wenye vyeti wanaopiga wote namna moja, na msikilizaji hatajua nani ni nani.

MWANDISHI: Shikamoo, mzee wangu. Nakubaliana nawe kwamba sikio halifundishwi ubaoni. Lakini hao uliowataja wana historia inayosema zaidi. Armstrong alikamatwa usiku wa kuamkia mwaka 1913 kwa kufyatua bastola barabarani New Orleans, akapelekwa kwenye makao ya watoto weusi waliohesabiwa watukutu. Makao yale yalikuwa na bendi, na bendi ilikuwa na mwalimu, Peter Davis, ambaye alimpandisha mtoto yule chombo baada ya chombo hadi akafika kwenye koneti. Mwaka 1927 mjini Memphis, Jimmie Lunceford, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Fisk aliyekuwa akifundisha sekondari ya Manassas, aliwakusanya wanafunzi wake akaunda bendi. Kufikia 1934 bendi hiyo ilikuwa ikipiga katika ukumbi wa Cotton Club mjini New York, na wanaoijua enzi ya swing huitaja pamoja na za Duke Ellington na Count Basie. Bendi ya Erskine Hawkins nayo ilianza kama bendi ya wanafunzi wa chuo cha ualimu huko Montgomery, Alabama. Ukumbi uliikomaza jazz, hilo halina ubishi. Ila njia ya kufika ukumbini ilipita mara nyingi kwenye chumba cha shule, chini ya mwalimu, kwa vyombo ambavyo mtoto wa maskini asingeweza kuvinunua.

Tukirudi nyumbani, mzee wangu, bendi mlizokulia zilikuwa za nani? NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Polisi Jazz na Magereza Jazz majina yao yanajieleza. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Mlimani Park, iliyoanza 1978, ilikuja kubeba jina la DDC, shirika la maendeleo la jiji la Dar es Salaam. Katika mfumo ule vyombo vilikuwa mali ya taasisi, mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na mazoezi yalikuwa na saa zake kama kazi nyingine yoyote. Sijasikia mtu akisema kwamba chama cha wafanyakazi kilimnyang'anya mwimbaji wa NUTA, Muhiddin Maalim Gurumo, sauti yake. Kinyume chake, utaratibu ule ndio uliompa mtu muda wa kukomaa. Basi anayesema taasisi huua muziki wa watu anapaswa kueleza kwa nini muziki wa dansi wa Tanzania ulistawi hasa pale taasisi zilipoubeba.

Kisa cha Parker nacho kinapendwa sana. Inasimuliwa kwamba mwaka 1936, huko Kansas City, mpiga dramu Jo Jones alirusha chini sahani ya dramu kumwondoa kijana yule jukwaani, na kwamba kijana akaenda kujichimbia na santuri za Count Basie, akazisoma solo za mpiga saksafoni Lester Young mpaka akarudi akiwa mtu mwingine. Watu hukitumia kisa hicho kuthibitisha kwamba aibu ndiyo shule bora. Kinathibitisha jambo moja tu, kwamba Parker alirudi. Walioshushwa jukwaani wakaenda zao moja kwa moja hatuna majina yao wala santuri zao, kwa hiyo hasara yao hatuwezi kuihesabu. Kisha kuna wale ambao hata mlango hawakuufikia. Ni wazazi wangapi wangemruhusu binti yao abebe spika usiku wa manane akisubiri mpiga solo augue? Mwaka 1937, shule ya Piney Woods jimboni Mississippi iliwapa wasichana tarumbeta, saksafoni na tromboni, na bendi iliyozaliwa pale, International Sweethearts of Rhythm, ikaja kuwa miongoni mwa bendi maarufu za wanawake katika historia ya jazz. Ukumbi haukuwa umewapa nafasi hiyo, shule iliwapa.

Hata hivyo, kisa hicho hicho cha Piney Woods kinaonyesha hatari iliko, na hapa mzee ana haki ya kuwa na wasiwasi. Bendi ile iliundwa ili izunguke ikiichangishia shule fedha. Mwaka 1941 wasichana waliachana na shule, wakaendelea kama bendi ya kujitegemea. Bendi inapogeuzwa chombo cha kukusanya michango, kupokea wageni na kupamba sherehe, mwanafunzi anafanya kazi ya chuo badala ya kufanya masomo yake. Dawa yake ni kuihesabu bendi kuwa somo, lenye malengo, mwalimu na ukomo wa maonyesho, ili mkuu wa chuo asiweze kuiita kila anapokuja mgeni. Anayezuia bendi isiingie kwenye mtaala haikingi na taasisi. Anaiacha bila kinga yoyote ndani ya taasisi hiyo hiyo.

MHADHIRI WA NADHARIA: Mimi sina ugomvi na bendi. Wapige, wafurahi, wajenge urafiki. Lakini shahada ni jambo jingine. Shahada inapima kitu kinachopimika: mwanafunzi anasoma nota au hasomi, anaandika sauti nne au haandiki, anaijua historia au haijui. Ubunifu wa papo kwa papo utaupa alama kwa kipimo gani? Na kikundi cha watu watano, alama utaigawaje, ikiwa mmoja amebebwa na wenzake? Isitoshe, wanafunzi wengi wanakuja chuoni wakipiga kwa sikio tu. Ukiwapa alama kwa kile wanachokijua tayari, hawatajifunza kile kilichowaleta.

MWANDISHI: Mwalimu, hoja yako ya kipimo ndiyo nzito kuliko zote, kwa hiyo nianze na kile kinachopimwa. Chukua bluzi ya kawaida ya vipimo 12, kila kipimo mapigo manne. Ni mapigo 48. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, mzunguko mzima unaisha ndani ya sekunde 24, kisha unaanza upya. Katika sekunde hizo, mpiga besi lazima afike kwenye kipimo cha 5 pamoja na badiliko la kodi za muziki, asitangulie wala asichelewe, kwa sababu wote wamekaa juu ya sauti yake. Mpiga kinanda anasikia mpiga saksafoni akivuta pumzi, naye ana nusu pigo la kuamua ajaze pengo au aliache. Mpiga dramu anapaswa kujua kwamba solo inakaribia kufunga kabla haijafunga, ili mlango ufunguliwe kwa anayefuata. Mwanafunzi anayeweza kuuchora mzunguko huo ubaoni bila kosa, lakini akifika kipimo cha 5 anakuta wenzake wameshapita, hajaujua bado. Ameujua kwa macho. Bendi haimpi alama kwa kile anachokijua tayari. Inamwonyesha mahali ambapo alidhani anajua.

Kugawa alama kwa watu watano kunawezekana, tena kwa njia za kawaida kabisa. Kila zoezi lirekodiwe kwa simu. Wiki hiyo hiyo mwanafunzi asikilize, aandike ni wapi alimfunika mwenzake, ni wapi alikimbiza mwendo, na wiki inayofuata mwalimu apime kama amesahihisha. Apewe wimbo ajifunze kwa sikio, kisha auandike kwa nota na kuwafundisha wenzake sehemu zao. Hapo utapima sikio, uandishi na ualimu kwa kazi moja. Mpiga solo mashuhuri wa kikundi alazimishwe kukaa muhula mmoja akisindikiza tu, apimwe kama anaweza kuwafanya wengine wasikike vizuri. Aliyebebwa na wenzake atajulikana siku hiyo. Tena usindikizaji si kazi ya waliokosa kipaji. Freddie Green aliingia bendi ya Count Basie mwaka 1937, akakaa humo hadi alipofariki mwaka 1987. Miaka 50 ya gitaa lisilopiga solo ila kwa nadra, mapigo manne kwa kila kipimo, kwa sauti ndogo ambayo msikilizaji anaweza asiitambue, lakini wenzake walijipanga juu yake. Mtaala unaopima solo na nota peke yake usingekuwa na mahali pa kumwandikia Freddie Green alama, na hilo ni pungufu la mtaala.

Ama wanafunzi wanaokuja bila nota, kuna mfano wa bara letu. Mwaka 1983 mpiga kinanda Mmarekani Darius Brubeck alikwenda Chuo Kikuu cha Natal mjini Durban na kuanzisha masomo ya shahada ya jazz, ya kwanza barani Afrika. Baadaye chuo kikawa na kituo maalumu cha jazz na muziki pendwa. Sheria za ubaguzi wa rangi bado zilikuwa zikitawala Afrika Kusini, na shule za watu weusi zilikuwa zimenyimwa walimu na vyombo kwa makusudi. Kama mlango ungefunguliwa kwa kusoma nota pekee, ungekuwa umefungwa kwa rangi ya ngozi. Zim Ngqawana, aliyeacha shule kabla ya kutimiza sifa za kuingia chuo kikuu, alipokelewa. Johnny Mekoa alikuja akiwa mtu mzima aliyekwisha kupiga tarumbeta na kundi lake la Jazz Ministers katika tamasha la Newport mwaka 1976. Wanafunzi wa rangi mbalimbali waliunda kundi la The Jazzanians, na mwaka 1988 wakaenda Detroit, Marekani, kupiga mbele ya mkutano wa walimu wa jazz. Nadharia hawakuikwepa. Ngqawana alipata ufadhili akaendelea na masomo Massachusetts. Mekoa alisoma zaidi Indiana, kisha mwaka 1994 akaanzisha chuo chake cha muziki huko Gauteng kwa ajili ya watoto wa vitongoji. Kwa watu hawa bendi ndiyo iliyowafanya wahitaji nota, kwa sababu walikuwa na kitu cha kuandika. Mwalimu, huo ndio mpangilio ninaouombea: sikio litangulie, nota ifuate upesi, na zote mbili zikutane chumba kimoja.

MZAZI: Mimi nazungumza kama mama anayelipa ada. Mmoja ananiambia ukumbi, mwingine ananiambia nota, na wote hamjaniambia mwanangu atakula nini. Nimekubali asome muziki, na majirani wamenisema. Angalau akisoma ualimu wa muziki ataajiriwa. Hiyo bendi mnayotaka ihesabiwe itamla saa ngapi kwa wiki, na siku ya mwisho itamweka wapi? Bendi ngapi zimekufa tukiziona?

MWANDISHI: Mama, sitakudanganya kwamba bendi ni ajira. Bendi nyingi hufa, na mwenye ahadi ya utajiri kwenye muziki anapaswa kuogopwa. Nitakuambia kile ambacho bendi ya chuo inakitoa na ambacho ada yako inastahili kukinunua. Cha kwanza ni watu. Lionel Loueke, mpiga gitaa kutoka Benin, alipofika chuo cha muziki cha Berklee mjini Boston alikutana na Massimo Biolcati wa besi na Ferenc Nemeth wa dramu. Kundi lao la watu watatu limedumu kwa miaka mingi kuliko ndoa nyingi za wasanii, na Loueke akaja kupiga na mpiga kinanda Herbie Hancock. Albamu yake ya mwaka 2008 aliipa jina la Kiswahili, Karibu. Snarky Puppy, kundi lililokuja kushinda tuzo kadhaa za Grammy, lilianza mwaka 2004 miongoni mwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha North Texas mjini Denton. Unguja, wanamuziki waliopitia Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa 2002, waliunda Siti and the Band, kundi linalochanganya taarab na jazz na miondoko mingine. Katika visa vyote vitatu, cheti peke yake kisingeweza kuwaletea watu wale wenzao. Walipatana kwa sababu chuo kiliwaweka chumba kimoja kwa muda wa kutosha kujuana tabia.

Cha pili ni tabia ya kazi, na hapa ualimu unaoutaka unaingia. Mwalimu wa muziki wa sekondari hafundishi mtoto mmoja kwa chombo kimoja. Anakabidhiwa watoto arobaini, vyombo vitatu vizima na kimoja kilichokatika nyuzi, na sherehe ya wiki ijayo. Atakayejua kuanza hapo ni yule aliyekwisha kupanga wimbo kwa vyombo vilivyopo, aliyewahi kumpa sehemu rahisi mwenzake mchanga bila kumdhalilisha, aliyewahi kusubiri wenzake waelewe. Anayetoka chuoni akiwa amepiga peke yake kwa miaka mitatu atasoma vizuri kwenye karatasi, na atapotea siku ya kwanza mbele ya darasa. Hivyo, mama, hata kama mwanao hatapanda jukwaa maishani mwake, saa za bendi ndizo zitakazomfanya awe mwalimu anayeajirika. Na nitaungana nawe kukidai chuo jambo moja: saa hizo ziandikwe kwenye ratiba na zihesabiwe. Leo zinamla vilevile, usiku na mwisho wa wiki, ila hazimlipi hata alama moja.

KIJANA WA STUDIO: Shikamoo, mkubwa. Mimi nina kompyuta, kinanda kidogo na maikrofoni. Dramu ninayo humo, besi ninayo, tarumbeta ninayo. Nikitaka kurudia mara mia, narudia, na sibishani na mtu. Wimbo ninaoutengeneza usiku mmoja unasikika Mwanza na Mombasa asubuhi. Bongo Fleva imejengwa na watu kama sisi. Kwa nini chuo kinunue dramu na kulipa mwalimu kwa ajili ya kitu ambacho soko halikiombi tena?

MWANDISHI: Marahaba, mdogo wangu. Kazi ya watayarishaji wa studio naiheshimu, na chuo kisichoifundisha kimelala. Lakini jiangalie ulivyosema: unarudia mara mia, na hubishani na mtu. Hapo ndipo pengo lilipo. Kompyuta inakutii. Ukikosea mwendo inaunyoosha; ukijaza kila pengo haikuambii umejaza mno; wazo lako likiwa la kawaida, inalipiga kwa uaminifu ule ule ambao ingepiga wazo jipya. Mpiga besi mwenye akili zake hatakutii hivyo. Atakuletea njia ambayo usingeifikiria, au atakataa kupiga upuuzi, na utalazimika kumshawishi au kushawishika. Mvutano huo ndio ulioleta mambo mengi tunayoyapenda katika muziki wa karne iliyopita. Wimbo wa One O'Clock Jump, uliokuja kuwa nembo ya Count Basie na kurekodiwa mwaka 1937, haukuanza kwenye karatasi. Wapigaji waliujenga pamoja jukwaani, huyu akitupa kipande, wale wakikijibu, mpaka ukasimama. Hakuna mtu mmoja katika bendi ile ambaye angeweza kuutengeneza peke yake chumbani.

Soko nalo halijasema yote uliyolisemea. Msanii anaposhuka studio na kualikwa kwenye tamasha, anahitaji watu wa kupiga nyuma yake, na watu hao ni lazima wasikie, wafuate, waokoe wimbo pale mwimbaji anaporuka ubeti. Aliyezoea kurudia mara mia hana uzoefu wa kupata nafasi moja. Tena mtayarishaji aliyekaa ndani ya bendi hurudi studio akiwa na sikio jingine: anajua dramu ya kweli inapumua wapi, anajua gitaa likinyamaza wimbo unapata nafasi gani. Sitaki uache kompyuta. Nataka ukae mihula miwili mahali ambapo kuna mtu wa kukubishia, kisha uirudie kompyuta yako ukiwa na mengi zaidi ya kuiambia.

MZEE WA BENDI: Nimewasikia wote. Sasa niulize la mwisho. Hiyo bendi yenu ya chuo itapiga muziki wa nani? Maana nimeona vijana wakisoma nyimbo za Broadway za miaka ya 1930 kama msahafu, na hawajui hata kuanzisha wimbo mmoja wa Western Jazz au Tabora Jazz.

MWANDISHI: Hapo, mzee wangu, umenipita na ninakufuata. Mcheza kwao hutunzwa. North Texas, chuo cha kwanza Marekani kutoa shahada katika fani hii, kilipoanza mwaka 1947 kiliiita masomo ya bendi ya dansi. Walianza na muziki ambao watu wa mahali pale walikuwa wakiucheza. Wanafunzi wa Durban nao walikwenda Detroit na muziki wenye mdundo wa kwao, na hicho ndicho kilichowapa cha kusema mbele ya Wamarekani. Kwetu bendi zimejiita jazz tangu miaka ya 1930, na hazina ya santuri na kanda zilizoachwa na Morogoro Jazz, Cuban Marimba, Kilwa Jazz, NUTA na Mlimani Park ni maktaba kamili ya somo hili. Tazama kazi moja tu ambayo mwanafunzi angepewa. Achukue wimbo wa dansi wa miaka ya 1970 au 1980. Sehemu ya kwanza ni ya polepole, mashairi yanasimulia. Kisha wimbo unachemka: ridhimu inashika mzunguko mfupi na haiuachi, gitaa la pili linajibu katikati ya mapigo ambayo solo imeyaacha, besi inaruka pale ambapo sikio linaitegemea itue, na saksafoni na tarumbeta zinaingia kwa pamoja kama jibu. Mwanafunzi aichambue sehemu moja moja kwa sikio, aseme kila chombo kinampa nani nafasi, aiandike, awafundishe wenzake, kisha atunge sehemu yake mwenyewe ya kuchemsha. Akimaliza kazi hiyo, bluzi ya Kansas City haitakuwa ngeni kwake, kwa sababu adabu ni ile ile: kila mmoja ana kidogo chake, na hakuna anayesimama bila wenzake.

Kazi hiyo haiwezi kusimamiwa na mhadhiri peke yake, na ndiyo maana nafasi ya mzee ni chuoni, kwa mkataba na kwa malipo, hata kama hana shahada. Yeye ndiye anayejua kwa nini mpiga ridhimu yule alibana nyuzi kwa kiganja, na kwa nini wimbo uliharakishwa dakika ya nne. Mhadhiri atamsaidia mwanafunzi kuyaandika hayo yasipotee. Wawili hawa wakikaa meza moja ya kutoa alama, malalamiko ya mzee kwamba chuo kinaua roho, na ya mwalimu kwamba bendi haipimiki, yatakuwa yamekwisha nguvu kwa sababu kila mmoja atakuwa analinda kile alichokihofia.

Kitabaki kilio cha gharama, na hicho kinajibika kwa hesabu. Bendi kubwa ya jazz ya Kimarekani ina watu 17 hivi: saksafoni tano, tarumbeta nne, tromboni nne, na wanne wa mdundo. Chuo chetu hakilazimiki kuanzia hapo. Dramu, besi, gitaa, kinanda na chombo kimoja cha kupuliza vinatosha watu watano, na seti hiyo moja inaweza kutumiwa na vikundi vitano au sita kwa zamu ndani ya wiki. Ghali zaidi kuliko vyombo ni muda, na muda chuo kinao tayari. Kinaamua tu kuupa nini.

Basi ombi langu kwa wanaoketi kupanga mitaala ni la wazi. Kila mwanafunzi wa muziki apige katika kikundi kidogo kila muhula, kwa vipindi viwili kwa wiki vilivyoandikwa kwenye ratiba mchana. Alama zake ziwe na uzito sawa na za nadharia, na zitolewe kwa usikivu, usindikizaji na uwezo wa kufundisha mwenzake, si kwa solo pekee. Nusu ya nyimbo itoke katika hazina ya kwetu na ijifunzwe kwa sikio kabla ya karatasi. Wakongwe walioijenga hazina hiyo waajiriwe wangali na nguvu za kushika chombo. Na bendi isiitwe kwenye sherehe yoyote ya chuo mpaka mwalimu wake aseme iko tayari. Haya yakifanyika, cheti cha muziki kitakuwa na maana ambayo mwajiri, mzazi na msikilizaji wote wanaweza kuithibitisha wenyewe: kwamba aliyekipata anaweza kukaa na watu asiowajua, akawasikiliza, na kabla ya wimbo kwisha wakawa wanapiga kitu kimoja.